Mkono wa Mtungini

Hivi wewe, nyanya ikianza kubonyea unaila lini? Leo leo, si ndiyo? Hata mama mkwe wa nyumba hii alifanya hivyo. Alikuwa na mtungi ndani ya mtungi, wa kuwekea mboga zipate ubaridi, katikati mchanga, juu gunia bichi. Kila asubuhi aliumwagia mchanga maji, akapanga nyanya zisigusane, akafunika bamia kwa kitambaa. Ndizi alizitundika mbali.

"Ndizi ni mmbeya," alimwambia mkamwana wake. "Akikaa na wenzake, wote wanaharibika kabla ya siku zao."

Sheria yake ilikuwa moja: zilizobonyea ziliwe kwanza, nzima zingoje. Lakini hakuna siku iliyokosa iliyobonyea. Basi wanawake hao wawili walikata palipooza, wakala palipobaki. Nzima walikula wageni, na mwana wa mama mkwe, mwenye nyumba.

Joto lilipozidi, mtungi nao ukazidisha bidii. Mchicha ulioingia umenyauka ulitoka umesimama wima. Nyanya nyekundu zilirudi kuwa kijani, moja ikatoa ua. Jirani alileta biringanya lililokunjamana, jioni akalichukua linang'aa, akasema asante. Kisha mkono wa kulia wa mama mkwe, ule wa kuingia mtungini, ukawa wa msichana hadi kwenye kiwiko: laini, hauna hata kovu la kisu.

"Umekupendeza, mama," alisema mkamwana.

"Huu? Mvivu huu! Kitunguu tu haujui kumenya."

Adhuhuri moja mkono ule ulitoka na nyanya nzima, ngumu, ukaipeleka mdomoni. Mkono wa kushoto, wa kizee, ukaipokonya na kuirudisha.

"Huna adabu wewe," mama mkwe akauambia.

Mwenye nyumba akapita, akaichukua nyanya ileile, akaila amesimama, akafuta kidevu, akaenda zake.

Wanawake wakakaa kizingitini na visu vyao, wakala zao. Zilikuwa tamu, tusiseme uongo, na kaupepo kalikuwa kanapita. Mkono wa msichana ulilala mapajani umekunja ngumi.

"Tangu niletwe hapa bibi harusi," mama mkwe akasema, "nilikuwa nataka nyanya nzima. Moja tu."

Mkamwana akamaliza kwanza kukata palipooza.

"Na mimi, mama. Na chumvi kidogo."