Nyumba ya Geita

Kwa miaka mitatu Euphrasia alikuwa akiambiwa ahamie Geita, na kwa miaka mitatu alikuwa akimweleza mtu yuleyule jambo lilelile: mwalimu wa serikali hahami kama muuza dagaa. Hafungi tu virago akapanda basi. Ni lazima ampate mwalimu mwenzake wa huko anakokwenda, anayetaka kuja huku anakotoka, wabadilishane vituo. Walimu wakuu wa pande zote mbili wakubali, halmashauri zikubali, na mfumo wa kompyuta uwe haujalala siku hiyo. Mumewe, Stanslaus, alikuwa anasikiliza yote hayo kwenye simu, anaguna pale panapotakiwa kuguna, halafu anasema, "Sawa, Mama Violeth. Sasa mnakuja lini?" Unaweza kuelewa kwa nini siku nyingine simu ilikatwa kabla hajaagwa.

Stanslaus alikuwa na miaka mitano sasa akiwa fundi wa makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, nje kidogo ya mji wa Geita. Nyumbani Kolandoto, kule Shinyanga, alikuja mara moja kila baada ya miezi miwili, siku mbili tu. Alishuka, akakagua ng'ombe, akasalimia watu, akala, akalala, akaondoka. Nimetaja ng'ombe kabla ya watu kwa sababu ndivyo alivyofanya. Boma lilikuwa kwa mama yake, Bibi Sesilia, hatua chache kutoka nyumba ya Euphrasia, na kila senti iliyotoka kwenye karasha iliingia mle ikiwa na miguu minne. Pesa ya dhahabu haitulii mfukoni, alisema, mpaka igeuke ng'ombe. Si yeye peke yake. Waulize wanaume wote wa upande ule waliokwenda machimboni, watakuambia hivyohivyo, tena kwa sauti ya mtu anayekufundisha kitu. Ng'ombe walikuwa wamefika kumi na tisa.

Basi mwaka jana, mwezi wa nane, Stanslaus alishuka kwenye bodaboda mchana, na binti yake Violeth, mtoto wa miaka minane mwenye adabu zake, akakimbia ndani kumwambia mama yake, "Mama, mgeni amefika." Akachukua kiti kizuri, kile cha wageni, akakipangusa, akakitoa nje. Stanslaus alicheka sana. Alilisimulia jambo hilo kwa mama yake, akalisimulia kwa majirani. Euphrasia hakucheka, maana mtoto hakuwa amekosea. Mdogo wake Violeth, Luka, wa miaka minne, alipobebwa na baba yake alilia mpaka akarudishwa chini. Usiku ule Euphrasia aliamua kwamba atahama, hata kama atamtafuta huyo mwalimu wa kubadilishana naye kwa tochi.

Na alimtafuta kweli. Liko kundi la WhatsApp la walimu wanaotafuta wa kubadilishana nao, watu karibu elfu moja, na wote wanataka Mwanza. Kila asubuhi Euphrasia aliandika tangazo lake: shule ya msingi, natoka Shinyanga, nakwenda Geita mjini, nipo tayari muda wowote. Akapatikana kijana mmoja, wakaelewana, wiki mbili baadaye kijana akaoa Bukoba na kupotea. Akapatikana mama mmoja aliyetaka kwanza kujua kama Shinyanga kuna samaki. Mwezi wa saba wa kutafuta ndipo akatokea Scolastika, mwalimu wa darasa la pili pale Geita, ambaye mama yake mzazi alikuwa amekatwa mguu na hana wa kumwangalia, naye anaishi kijiji cha tatu tu kutoka Kolandoto. Huyu hakuuliza habari ya samaki. Aliandika barua siku hiyohiyo. Ila alisema waziwazi, na hakuwa na kosa, kwamba kuna mwalimu mwingine wa Shinyanga anamsumbua, na mwezi wa nne ukiisha bila saini ya Euphrasia atabadilishana na huyo.

Euphrasia alimpigia mumewe kwa furaha. Na Stanslaus, mtu aliyekuwa akiuliza "mnakuja lini" kwa miaka mitatu, aliuliza kwanza hali ya ng'ombe.

"Subirini kwanza nipake rangi," alisema hatimaye.

Wiki iliyofuata ilikuwa msisubiri rangi, subirini mvua ziishe. Mvua zikaisha. Ikawa kuna mpangaji wa uani hajatoka. Mpangaji akatoka, ikawa maji yamekatwa mtaa mzima. Jamani! Na nyumba yenyewe alikuwa ameisifia mno. Vyumba vitatu, vigae sebuleni, tangi la bluu la lita elfu mbili, mpera umeegemea geti. Watoto walishagawana vyumba. Luka alichagua mpera. Bibi Sesilia alishawasimulia wanakwaya wenzake habari ya vile vigae. Euphrasia alifikia mahali ambapo neno "subiri" lilimletea kizunguzungu.

Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi wa nne aliwaacha watoto kwa bibi yao, akamwambia anakwenda Geita, akapanda basi la alfajiri la kupitia Kahama, bila kumwambia Stanslaus kitu. Scolastika alimpokea stendi, mwanamke mwembamba mwenye haraka, akampeleka kwa mwalimu mkuu ambaye aligonga mhuri bila hata kukaa. Saini zote zikawa tayari isipokuwa moja.

"Saini basi, dada," Scolastika alisema. "Gari la kwenda kwa mama yangu ni saa kumi. Nataka aione hii barua kwa macho yake."

"Nione nyumba kwanza," Euphrasia alisema. "Saa tisa nitakuwa hapa. Nikisaini nakuletea, nisiposaini nakurudishia uende kwa yule mwingine."

Bodaboda hakuhitaji maelezo mengi. Tangi la bluu, mpera getini, upande wa makarasha? Anaijua. Na kweli, dakika kumi baadaye walikuwa pale, na kila kitu kilikuwa kama kilivyosemwa: tangi, mpera, geti la kijani. Euphrasia alisikia moyo wake ukilainika kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Alikuwa tayari kumwomba mumewe msamaha kwa yote aliyowahi kumfikiria.

Uani, mama mmoja mnene aliyejifunga khanga alikuwa anachambua maharage.

"Hodi. Samahani, dada, hapa ni kwa Stanslaus?"

"Stanslaus fundi? Hapa ni kwa Masudi, mwenye karasha. Stanslaus ni fundi wetu." Mama yule alimtazama vizuri. "Wewe ni ndugu yake?"

"Ni mke wake."

Yule mama aliacha maharage, akajifuta mikono taratibu kwenye khanga. "Karibu sana. Ingia ukae, nitume mtu amwite. Yeye anaishi kulekule kazini."

Mlango ulikuwa wazi, na Euphrasia aliviona vigae sebuleni, vimeng'aa. Stanslaus hakudanganya hata kigae kimoja. Alichodanganya ni mwenye nyumba tu.

Hakuingia. Alikwenda kwa miguu kufuata kelele za mashine, na hasira ilikuwa inampanda kila hatua. Alishajua atakachokikuta. Mwanamke. Labda na mtoto. Alishapanga maneno ya kumwambia huyo mwanamke, mengine ya kanisani, mengine si ya kanisani kabisa.

Hakukuwa na mwanamke. Nyuma ya karasha palikuwa na stoo ya mabati, na ndani ya stoo, kati ya mikanda mibovu ya mashine na magunia ya mawe, kulikuwa na mkeka, ndoo, jiko la mkaa, na shati moja jeupe lililotundikwa msumarini ndani ya mfuko wa nailoni. Shati hilo alilifahamu. Ndilo alilokuja nalo nyumbani kila baada ya miezi miwili, na yeye alikuwa akijiuliza anafanyaje mpaka halichakai. Vumbi la mawe lilikuwa limelala juu ya kila kitu, hata juu ya mto.

Stanslaus aliingia akiwa mweupe kichwa mpaka viatu.

"Mama Violeth."

"Baba Violeth."

"Mbona hukusema unakuja?"

"Ningesema, ungeniambia unapaka rangi."

Alitafuta mahali pa kumkalisha mkewe, asipaone, akageuza ndoo. Euphrasia alikaa.

"Miaka mitano unalala hapa?"

"Si pabaya. Kiangazi kuna joto kidogo." Alijifuta uso, vumbi likahama tu kutoka shavu moja kwenda jingine. "Nilitaka kwanza ng'ombe wafike ishirini."

"Walipokuwa kumi ulisema kumi na tano."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema. Na wakifika ishirini utaona kwamba ishirini ni wachache." Alikuwa anaongea polepole, kama anavyoongea na darasa la kwanza siku ya Ijumaa. "Niambie kitu kimoja. Miaka mitatu ulikuwa unaniita nije wapi?"

Stanslaus alitazama mlangoni, ambako hakukuwa na msaada.

"Mwanaume asipomwita mkewe, watu wanasema ana mwingine," alisema. "Na wewe mwenyewe ungesema. Halafu nilijua uhamisho hautoki. Kila mtu anajua uhamisho hautoki."

Kumbe! Miezi saba ya kuomba watu asiowajua kwenye simu. Rangi, mvua, mpangaji. Euphrasia alitaka kumpiga na kitu, na vitu vilikuwapo vingi pale, vingi vya chuma. Lakini kilichomuuma zaidi kilikuwa kingine. Alikuwa amekunywa maziwa ya ng'ombe hao kila asubuhi, amewapa watoto, amewauzia walimu wenzake, na mara ngapi amelalamika kwamba mume wake anakula raha mjini. Alimhurumia, na kumhurumia kukamzidishia hasira, maana hasira peke yake angeiweza.

Alitoa barua mkobani, akavuta boksi la spea, akaiweka juu yake, akasaini.

"Unafanya nini?"

"Nimesaini. Saa tisa inakwenda kwa mwenyewe. Shule zikifunguliwa mwezi wa saba nakuja na watoto na vyombo vyangu. Nikikuta nyumba, tutaingia kwenye nyumba. Nikikuta hii stoo, tutalala humu wote wanne."

"Watoto hawawezi kulala kwenye vumbi hili, Mama Violeth. Kifua kitawaua."

"Kumbe unajua."

Nje karasha lilikuwa linasaga, mtu akapiga kelele akimwita fundi, Stanslaus hakuitika.

"Mpigie mama yako," Euphrasia alisema. "Wauzwe ng'ombe wanne, tupange nyumba na tununue vitanda."

"Wale ni ng'ombe wa familia. Hawauzwi hivihivi."

"Na sisi ni nani?"

Akapiga. Aliweka sauti kubwa kwa sababu mkewe alimwambia aweke. Alianza kwa salamu za Kisukuma, "Mwadila, mayu," kama kawaida, akaulizia afya ya mama yake, akaulizia malisho, akaulizia yule mtamba mwekundu na jicho lake. Mtamba alikuwa amepona. Euphrasia alisubiri kwa meno yaliyobana, mpaka malisho yakaisha na mtamba akaisha na hakukuwa tena na mahali pa kujificha.

"Mayu, nataka wanne wauzwe."

Upande wa pili ilisikika sufuria ikiwekwa chini.

"Nani anaumwa?" Bibi Sesilia aliuliza.

Ndiyo, angeuliza nini tena? Kwao ng'ombe anauzwa mtu akiwa kitandani hospitali au akiwa tayari kaburini, na Stanslaus alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Euphrasia aliona kabisa uongo ukipanda usoni kwa mumewe. Ulikuwa rahisi mno. Angesema Euphrasia ameanguka, au yeye mwenyewe ameumizwa na mashine, na kabla ya jua kuzama ng'ombe wangekuwa njiani, na bibi asingejua kitu mpaka anakufa. Alifungua mdomo kuusema. Mkewe hakumzuia. Alikaa tu juu ya ile ndoo akimtazama.

"Hakuna anayeumwa, mayu," Stanslaus alisema. "Naishi stoo."

"Stoo ya nini?"

"Ya karasha. Nalala chini, pamoja na spea."

"Tangu lini?"

"Tangu nije."

Alisikika ndama akilia kule nyumbani, na Luka akimfukuza.

"Na ile nyumba ya vigae?"

"Ya bosi."

"Nimeisimulia kwaya nzima," Bibi Sesilia alisema. Alikohoa, au alijifanya anakohoa. Aliporudi sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mwanangu analala chini, mimi nahesabu mikia. Mpe simu mke wako."

Stanslaus alimpa.

"Shikamoo, mama," Euphrasia alisema.

"Marahaba. Mnada ni Jumatano, Mama Violeth. Njoo uchague wewe hao wanne. Huyo tukimwachia atatoa vikongwe."