Ndege Saba wa Mbao

Mimi siri hainikai. Saluni yangu ina viti vitatu na midomo kumi na mitano. Habari ikiingia asubuhi, kufika saa sita imeshachanwa, imesukwa na kutolewa nje ikipendeza. Kwa hiyo mjue nilivyoteseka zile siku nne nilizokaa na jambo la shemeji yangu.

Shemeji ni fundi seremala, mume wa mdogo wangu, na ndiye mtazamaji mkuu wa chama chetu cha kuhesabu ndege, mwaka wa kumi na moja huu. Kila majira ya machipuko, ndege wahamaji wanapotua ufukweni kupumzika, tunawahesabu wawili wawili: mmoja anatazama kwa darubini, mwenzake anaandika. Mimi nilijiunga kwa ajili ya watu, si ndege. Nisiseme uongo.

Mwaka huu mwenyekiti, nesi mstaafu tunayemwita Mama Kipenga, aliokota mitego ya nailoni kwenye tope, na manyoya.

"Aliyetega anajua wanaposhukia na saa wanayoshuka," alisema. "Ni mwenzetu. Nikimshika, simwachi."

Kesho yake nikaenda karakana ya shemeji kuchukua kiti changu alichokuwa akikitengeneza mguu. Hayupo. Kiti kilikuwa kimeegemea gunia, na chini ya gunia, ndege saba wa mbao, rangi ya kijivu, miguu ya waya. Chamani kila mtu anajua wategaji huweka ndege bandia ili wa kweli washuke.

Nikapita kwa mdogo wangu, nikamchokonoa kijanja. "Mumeo siku hizi anaamka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja yuko nje na begi. Kwani vipi, dada?"

"Hamna. Nauliza tu."

"Wewe? Uulize tu?"

Nikaondoka kabla mdomo haujanisaliti. Siku ya kuhesabu nikaomba nipangwe na shemeji. Kama ni yeye, bora nimkamate mimi kuliko Mama Kipenga, maana mdogo wangu angeuweka wapi uso wake?

Tulifika kwenye ukuta wa ufukweni jua likichungulia, maji yameshakupwa. Begi lake begani.

"Shemeji, nisubiri hapa ukutani. Nafika pale mara moja."

"Pale wapi?"

"Mambo ya wanaume."

Mambo ya wanaume, na begi! Nikamnyatia.

Akapapasa begini bila kuangalia, akamvisha ndege wa kwanza kitu mguuni, akamchomeka kwenye tope, akahesabu hatua, wa pili vivyo hivyo, mpaka wote saba wakawa mstari mmoja kuelekea majini. Nikasubiri atoe uzi. Hakutoa. Alirudi, akainua darubini, akawa ananong'ona. "Nyekundu. Njano. Bluu. Wa nne... wa nne..."

"Wa nne kafanyaje?" nikadakia.

Darubini nusura imponyoke. "Umenifuata!"

"Mitego iko wapi? Sema kabla sijapiga kelele."

"Mitego?" Alinitazama kama nimemtemea mate, kisha akanivisha darubini. "Angalia miguu yao."

Kila ndege alikuwa na pete ya rangi mguuni, kama zile wanazovishwa ndege wa kweli ili watambulike. Wa nne, kijani. Wa saba, nyeupe. Niliwaona wote.

"Mwezi uliopita nilikuwa nafika wa sita," akasema. "Leo watatu tu. Macho yananiacha, shemeji. Hata mdogo wako hajui."

"Mwaka jana ulihesabuje?"

"Kwa masikio."

"Masikio! Na tukaandika?"

"Mia tatu na kumi." Akajikuna sikio. "Walisikika kama mia tatu na kumi."

Ningecheka, ila alikuwa ameushika mkanda wa darubini shingoni mwangu. "Wakijua, darubini wananinyang'anya. Nisitiri leo tu."

Kabla sijajibu, kipenga kikalia kutuanzisha, na kundi la sululu, wale wenye midomo mirefu iliyopinda, likashuka katikati ya wale wa mbao. Nikahesabu mara mbili.

"Sitini na nane."

"Toa saba," akasema. "Wangu hao."

Kundi lilipoinuka, saba wakabaki wamesimama. Mama Kipenga akawaona. Akaja mbio, wenzetu nyuma yake.

"Nani mwenye hawa?"

Macho yote yakatua kwenye begi la shemeji. Nikisema, darubini imekwenda. Nikinyamaza, ndiye mtegaji. Mimi, wa kukosa neno!

Shemeji akasogea mbele. "Mwenyekiti, niulize pete ya wa nne ina rangi gani."

"Rangi gani?"

Akakodoa mpaka machozi yakamtoka. "Sijui. Nimewachonga wanipime macho, basi."

Mama Kipenga akamshika kidevu, akamvuta kope kwa kidole gumba, akatazama kwa muda. "Tangu lini?"

"Mwaka jana."

"Hesabu ya mwaka jana naifuta. Na keshokutwa nakupeleka kwa daktari wa macho, usinitoroke."

"Ifute," akasema shemeji.

Mama Kipenga akachomoa penseli sikioni mwangu, akampa shemeji. Darubini akaiacha shingoni mwangu. "Uandike herufi kubwa." Halafu akawageukia wengine, macho ameyabana. "Kwa hiyo mtegaji bado yumo humu."

Kila mmoja akawa anapima begi la mwenzake, na wawili watatu wakapima langu, ambalo lilikuwa na kitana na ndizi.

"Ngapi, shemeji?" akauliza fundi, karatasi imemgusa pua.

"Sitini na moja."

Akaiandika kubwa, ikala mistari mitatu.