Video ya Mama Haina Sauti

Elirehema alitoka Tengeru na flashi mfukoni, akaja hadi kibandani kwangu Ngarenaro, ninapotengeneza simu na kuhariri video.

"Dada Swabaha, video ya mama inacheza, lakini haina sauti. Nimejaribu kwenye TV, nikajaribu kwenye simu, kimya."

Mama yake, Theresia, walikuwa wamemzika juma lililopita. Mama na mwana hawakuwa wakisemezana tangu Elirehema auze kipande cha shamba la migomba bila kumwuliza. Alipozidiwa, mama alitaka aitwe mpiga video, akawatoa watoto wengine nje, akasema anamwachia Elirehema maneno yake. Hayo ndiyo Elirehema, ambaye hakuwepo siku hiyo, aliyotaka kuyasikia.

Wakati mwingine sauti huwa ipo, ila kifaa kinashindwa kuisoma. Kwa hiyo niliifungua kwa programu nyingine, kisha nyingine. Hakuna kitu. Nikaangalia taarifa za faili lenyewe: mlikuwa na picha tupu. Sauti haikuwamo kabisa.

"Aliyeibadilisha kuwa MP4 ni nani?"

"Lerionka. Huyohuyo aliyerekodi."

Tukampigia, simu nikaiweka spika.

"Sauti niliitoa, braza," alisema Lerionka. "Video za msiba huwa naweka kwaya juu. Nilikuwa nawasubiri mchague wimbo."

"Na ile ya kwenye kamera?" nikamwuliza.

"Kadi nilishaifuta. Nimerekodia send-off ya bibi harusi."

Nilimwomba asiiguse tena, ailete. Aliileta mwenyewe, akakaa pembeni. Programu ya kurudisha mafaili ilizunguka mchana kutwa. Kilichopatikana ni vigelegele vya send-off.

Elirehema akamgeukia. "Lakini wewe ulikuwepo. Ulikuwa na hedifoni masikioni. Alisema nini?"

"Alisema Kimeru, braza. Mimi Mwarusha, nitajuaje?"

"Hata neno moja?"

"Jina lako. Alilitaja mara nyingi."

"Kwa hasira?"

Lerionka akakuna shingo. "Kimeru chenu kwangu chote kinasikika kama ugomvi."

Ni utani ambao watu wa huku hutaniana siku zote, na nadhani ulimtoka kwa mazoea tu. Hakuna aliyecheka. Yeye mwenyewe akainamisha kichwa. "Nisamehe, kaka."

"Hukujua," Elirehema akamjibu.

Kisha akaniomba niicheze tena, polepole. Mama yake alikuwa ameketi kitandani, kitenge begani, midomo ikienda. Mahali fulani alinyamaza, akafuta mdomo kwa ncha ya kitenge, akaendelea.

"Dada, wewe unamwonaje hapo? Amenisamehe?"

Nilisogea karibu na kioo cha kompyuta. Niliona mama mgonjwa aliyechoka, anayejitahidi kumaliza alichokianza. Ningeweza kusema ndiyo, na labda ndivyo ilivyokuwa.

"Sijui, kaka," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, macho bado kwenye kioo. "Basi iache hivyohivyo. Usiiwekee wimbo."