Mshale Nyuma ya Sifuri

...na kabla hata sijainua mguu nauona mshale, mizani iko tupu, hakuna kitu juu yake, na mshale haujasimama kwenye sifuri, umelala nyuma yake, kilo mbili na nusu nyuma yake, labda nimeona vibaya, nainama, tumbo linanikaba pumzi kama kawaida yake, nafuta kioo kwa kidole, umelala palepale... Mkaguzi, ngapi leo? mume wangu anauliza nje ya mlango wa bafu, ndivyo anavyoniita tangu nilipoajiriwa kukagua mizani za madukani, na sauti yake inatabasamu, kwa sababu leo huenda ndiyo siku, daktari alisema shuka kwanza, presha itulie, ukifika themanini acha vidonge vya kuzuia mimba mjaribu kupata mtoto, na wiki iliyopita mshale ulisimama kwenye themanini na moja, nikapiga kelele, akanibeba, kweli alinibeba, mpaka sebuleni kwa mama yake, na mama mkwe akasema mteremshe, baba, usije ukavunjika kiuno kabla ya kazi yenyewe, tukacheka wote watatu, kumbe nilikuwa themanini na tatu na nusu, mikononi mwake, na yeye anajua... anajua? Ngoja. Mshale hausogei wenyewe. Mimi nalijua hilo kuliko mtu yeyote humu ndani, dukani kitu cha kwanza kutazama ni mizani tupu, kabla salamu haijaisha, yule muuza nyama wa juzi, mshale wake ulikuwa umesogea upana wa ukucha tu, nikaifungia mizani yake mbele ya wateja, akaniambia, haya dada, funga, ila usiiegemee, mwisho wake kilo mia, foleni nzima ikaangua kicheko, nikacheka nami, masikio yakiwaka moto, na hapa nyumbani kila asubuhi napanda nimefumba macho, nayafumbua nikiwa juu, sijawahi kuitazama ikiwa tupu, mimi, na cheti changu ukutani, sikuitazama kwa sababu ilikuwa inaniambia nilichotaka... Mwambie mkeo chai inapoa, anasema mama mkwe kutoka sebuleni, na sukari nimetia kidogo, asije akasema namnenepesha mimi... naigeuza mizani, gurudumu la kurekebishia liko chini, dogo, gumu, na kwenye meno yake kuna grisi nyeusi, grisi ya gereji, ile ile isiyotoka kwenye kucha za mume wangu, fundi magari, hata akisugua kwa sabuni ya unga. Natafuta kifungo, alisema, asubuhi ile nilipomkuta amepiga magoti hapa, nikampisha, na ovaroli lake lina zipu, niliiona zipu, nikaiacha ipite, ilikuwa kesho yake baada ya mimi kukaa kwenye sakafu hii na kulia, nimefungua bomba ili wasinisikie, kumbe bomba halikuficha kitu, alinisikia akaja kunisogezea mshale, alinihurumia au alichoka kusubiri, na presha yangu je, na mtoto huyo angekaa wapi, ndani ya mwili ambao bado haujatulia, kwa sababu mama yake, mimi, hawezi kuambiwa namba... maana alijaribu kuniambia, siku ile aliposema twende tutembee jioni, mimi na wewe, taratibu tu, nikamnunia wiki nzima, nikamuuliza kwani mimi gari bovu, hakurudia tena. Mbele ya muuza nyama nilitaka ardhi inimeze, nikadhani pale ndipo aibu inapoishia, sasa nashika gurudumu lenye grisi ya mtu anayenipenda na sijui nitauweka wapi uso wangu, aliona ni rahisi kuidanganya mizani kuliko kuzungumza na mimi, na aliona sawasawa. Nalizungusha. Linakataa, linaniumiza ukucha, linakubali, mshale unasogea kidogo kidogo, unapita, naurudisha, unasimama kwenye sifuri, naiweka mizani chini, naitazama ikiwa tupu, muda mrefu, kama ninavyozitazama za wengine... Mkaguzi, umelala humo? Ngapi? Mkono wangu uko kwenye komeo, kidole kimeshika weusi. Sijapanda bado, nasema, ingia.