Uzio Usio na Geti

Mnara wa askari wetu wameujenga kando ya barabara kuu, mkabala na kibanda changu cha kuchomelea vyuma. Ni askari wa chuma wameshika bunduki, nyuso zao zinatazama magari. Sisi tunaoishi huku nyuma wametupa makalio. Waliopanga walijua wanataka nani aone.

Mke wangu alikuwa vitani. Aliendesha lori la majeruhi kwenye barabara hii hii, enzi hizo ikiwa vumbi na mashimo ya mabomu. Lori lililomtangulia liliungua palepale penye mnara, na wenzake wote ndani. Yeye alirudi na nyonga mbovu na bereti yake. Mwaka jana alikufa kwenye benchi la hospitali ya jeshi, wakubwa wakibishana kama dereva naye ni askari. Namfumba macho, wao bado wanabishana. Aliniachia neno moja tu: bereti yake ipelekwe kwa wenzake. Ndiyo maana waliponiita kwa kazi ya kuuzungushia mnara uzio nilikubali hata kabla hawajamaliza kusema.

Msimamizi alikuwa mhandisi tuliyembandika jina la Bwana Mchoro, maana ukimwuliza hata choo kiko wapi anafungua mchoro. Nilipobakiza upande mmoja nikamwuliza, "Mkuu, geti nalitia wapi?"

"Geti halimo."

"Watu wataingilia wapi?"

"Waingie kufanya nini, mzee wangu? Hapa magari hayaruhusiwi kusimama. Mnara huu ni wa kuonwa ukiwa unapita."

"Na wenye ndugu zao hapa?"

"Si wana macho? Watauona kupitia nondo."

Nikarudi kwenye nondo zangu. Nilikuwa na shughuli yangu.

Siku ya uzinduzi ule upande mmoja uliachwa wazi ili mkubwa apite na watu wake. Wazee waliopigana waliwekwa nje, ng'ambo ya mtaro, juani, nyuma ya kamba kama mbuzi wa mnada. Koplo, rafiki wa mke wangu anayetembelea magongo, alikuwa amepiga pasi shati lake la jeshi mpaka mikunjo inakata.

"Shemeji," akaninong'oneza, "yule anayejifuta machozi pale mbele, wakati wa vita alikuwa wapi?"

"Hajazaliwa."

"Ndiyo maana analia vizuri."

Msafara ulipoondoka, Bwana Mchoro akanifuata. "Haya, mzee, funga sasa."

Nikachukua kisanduku nilichokitengeneza nyumbani, cha chuma, wavu kwa mbele, chenye miguu mirefu ili moto usiifikie nguo. Bereti ilikuwa ndani. Nikapiga magoti nikakichomelea kwenye buti la askari wa kwanza. Koplo akaingia nyuma yangu, akaegemea jiwe wanalosimamia askari wale, akaanza kuwaita wenzake kwa majina yao ya utani. Wazee wengine wakaivuka kamba wakamfuata.

"Hicho nini?" Bwana Mchoro akauliza.

"Bereti ya mke wangu."

"Kitoe. Kesho wanakuja wapiga picha."

"Waje."

"Kila mtu akileta kofia ya mkewe, hapa patakuwa mnara au soko la mitumba?"

Koplo akageuka taratibu. "Mwanangu, huyo mkewe aliniokota mimi nikiwa sina mguu. Wewe umeshaokota nini?"

Bwana Mchoro akampa mgongo. Akatoa simu. "Usipofunga wewe, atakuja anayejua kufunga. Na hicho kisanduku kitakatwa."

Sikufunga. Nilikusanya vifaa vyangu nikavuka barabara.

Kesho yake akaletwa fundi mwingine. Alinisalimia kwa aibu, akachomelea ule upande hadi mwisho, lakini kisanduku hakukigusa. Alimwambia Bwana Mchoro mashine yake ya kukatia imeungua. Haikuwa imeungua, niliisikia ikinguruma asubuhi hiyo hiyo.

Basi mke wangu yuko na wenzake, kama alivyotaka, ila wamefungiwa wote pamoja kama wezi. Sikumpeleka pale afungwe. Mchana kweupe nikavuka na mashine yangu, nikakata nondo mpaka pakapatikana nafasi ya mtu na magongo yake kupita. Polisi akaja kabla sijaunga bawaba za geti.

"Mzee, unaharibu mali ya umma."

"Umma ndio hao," nikamwonyesha Koplo na wazee wenzake waliokuwa wamekaa ndani. "Waulize kama nimewaharibia."

Aliwatazama, akavua kofia, akaivaa tena. Kisha akachukua mashine yangu akaondoka nayo, maana ameagizwa na wenye kuagiza. Jioni pakafungwa upya.

Msumeno wa mkono ninao. Unakata polepole, lakini nondo zao ni nyembamba, zile nene sijui ziliishia kwenye nyumba ya nani. Leo nimeshakata moja. Koplo ananishikia ya pili isitikisike, huku akiwatukana wakubwa mmoja mmoja kwa vyeo vyao.