Maharage Yaliyosubiri Baiskeli

Mwezi wa Novemba dada yangu Dortjie alipanda maharage ya kutambaa, mistari miwili kando ya ukuta wa jikoni, bila kuweka mti, waya wala hata uzi wa kuyapandishia. Watu wa Kareevlei, kijijini kwetu, wakadhani uzee umeanza kumchezea. Waliojua ukweli tulikuwa watatu tu: yeye mwenyewe, mumewe Jafta, na mimi. Maharage yale yalikuwa yanasubiri baiskeli.

Shemeji yangu Jafta Maarman alistaafu reli akiwa na miaka sitini na mitatu. Reli ilimwachia saa ya ukutani na magoti mabovu. Akajinunulia baiskeli ya milimani, na tangu hapo kila asubuhi anafuata njia ya treni ya zamani, ambako treni hazipiti tena, anasalimia kila stesheni kwa jina kisha anarudi kula uji akiwa mtu mpya. Shida yake ilikuwa mbio za baiskeli za tarehe kumi na sita Desemba. Mwaka wa kwanza alirudi nyuma ya pikapu ya kuokota walioshindwa, amekaa kati ya kondoo wawili wa dereva Sarel. Mwaka wa pili tena, kondoo watatu. Mwaka wa tatu kondoo walishamzoea. Walipomwona tu kando ya barabara walijisogeza wakamwachia nafasi yake.

Dortjie akachoka.

"Jafta, mimi si wa kufua mavi ya kondoo kila Desemba," alisema, mikono kiunoni. "Sikiliza, na wewe Tollie sikiliza uwe shahidi. Baiskeli itakayorudi kwenye pikapu mwaka huu, naisimamisha ukutani pale, maharage yangu yaipande. Nimeapa juu ya Biblia ya mama."

"Na isiporudi kwenye pikapu?" Jafta akauliza kwa sauti ndogo.

"Utaendesha mpaka siku unazikwa, na mimi sitasema neno."

Mimi nilicheka. Jafta hakucheka. Alitoka nje, akawa anaifuta ile baiskeli kwa kitambaa, anaifuta mahali palepale pasafi.

Basi tukaenda dukani kwa Rozanne, fundi pekee wa baiskeli katika wilaya nzima. Ana miaka thelathini, vidole vyeusi kwa grisi, na heshima kwa wazee anaitoa kwa kipimo.

"Tuanze na marehemu," alisema, akang'oa tairi la nyuma. Matairi ya Jafta ni yale yasiyo na tyubu: tairi linakaa limebana rimu, na ndani unamimina dawa nyeupe kama maziwa. Mwiba ukitoboa, dawa inakimbilia tundu na kuganda kama damu. Ila ndani ya lile tairi hapakuwa na maziwa. Lilidondoka donge kavu, la kijivu, kama popo aliyekufa kwa huzuni.

"Anko Jafta, dawa hii uliweka lini?"

"Mwaka juzi, nadhani."

"Anko! Dawa ya pancha si ubatizo, kwamba ukishawekewa mara moja basi. Jua la huku linaikausha kwa miezi mitatu tu."

Akatuletea matairi matatu. La kwanza lilikuwa jepesi, la kushindania, mbavu zake nyembamba kama karatasi ya sigara. La pili lilikuwa na meno kama ya mamba. Nikalipenda papo hapo.

"Hilo!" nikasema. "Hilo hata tembo atalipisha."

"Anko Tollie, hilo ni la watu wanaoruka kutoka majabali. Anko Jafta akipanda nalo mlima atafika Pasaka."

La tatu Jafta alilishika mwenyewe. Akalibonyeza mbavu kwa kidole gumba kama anachagua tikiti sokoni, akalinusa, akaliweka sikioni. Sijui alisikia nini huko.

"Mbavu nene," Rozanne akasema. "Yale mawe makali ya kule mlimani ndiyo yaliyokuchania tairi mwaka juzi. Mbele nakuwekea lenye meno marefu, lishike kona. Nyuma meno mafupi, liteleze vizuri. Na upepo usijaze sana. Tairi lililalie jiwe, lisilipige."

"Mimi najaza mpaka ligonge kama mlango," nikasema.

"Ndiyo maana unatembea kama umekalia chungu cha moto, Anko."

Kisha akatoa chupa ya dawa, ina punje ndogondogo ndani za kuzibia matundu makubwa. "Nusu mbele, nusu nyuma. Usiongeze, usipunguze. Na Anko Tollie asiguse."

"Mbona mimi?"

"Mwaka jana ulimwekea mchungaji wa kanisa mafuta ya kupikia kwenye breki."

"Zilikuwa zinapiga kelele."

"Zikanyamaza?"

"Zilinyamaza kabisa."

"Na mchungaji alisimama wapi?"

"Bwawani," nikakiri.

Tukarudi nyumbani. Dortjie alikuwa mazoezini na kwaya. Jafta akalivalisha tairi la mbele upande mmoja, akaanza kutafuta miwani yake asome maelezo ya chupa. Miwani ilikuwa kichwani, lakini sikuona sababu ya kumharakisha. Akaingia ndani kuitafuta. Mimi nikabaki kibarazani na matairi mawili, chupa moja ya dawa, na ndoo mbili za tangawizi ya Krismasi ya dada yangu.

Lazima muelewe kuhusu tangawizi ya Dortjie. Wanawake wote wa Kareevlei wanachachusha kinywaji cha tangawizi Desemba, kwa sukari, hamira na zabibu kavu, na zabibu zikielea wanajua imeiva. Ya Dortjie zabibu hazielei, zinaruka. Kuna mwaka kizibo cha chupa yake kilipaa kikamwangusha njiwa, tukamla siku ya Krismasi na viazi.

Nikafikiri. Mwiba unatoboa, upepo unatoka. Sasa kama ndani ya tairi kuna hamira iliyo kazini, upepo mwingine si unatengenezwa humo humo? Na tundu likiwa kubwa, punje za Rozanne zitafaa nini? Zabibu je? Zabibu iliyolowa ni kizibo alichotuumbia Mungu mwenyewe. Nilishangaa viwanda vyote duniani havijaona jambo hili. Nikapunguza dawa ya Rozanne kwa nusu, nikajazia tangawizi, kikombe huku, kikombe kule, zabibu nikahesabu ishirini kila tairi. Jafta alipotoka na miwani (aliigundua kwenye kioo cha bafuni) nilikuwa nimeshayafunga yote na kuyajaza upepo.

"Umeweka sawasawa?"

"Shemeji," nikamwambia, "hujawahi kuwekewa hivi."

Siku ya mbio jua liliamka na hasira. Tulianzia kanisani, watu arobaini, na baiskeli yangu ya zamani yenye tyubu ilifika kilomita ya pili tu. Miiba kumi na mmoja ya mbigili tairi la mbele, nyuma sikuhesabu. Pikapu ikasimama. Sarel, dereva wake, ndiye sauti ya besi ya kwaya yetu, na mdomo wake hauna kitasa.

"Karibu, Tollie. Kaa na kondoo, mbele nimeweka keki ya mke wangu."

Hivyo niliona mambo yote kwa macho yangu, kichwa changu kikiwa dirishani nyuma ya Sarel na kondoo akinitafuna kola.

Kilomita ya kumi ni uwanda wa mbigili. Walikuwa wamejaa pale waendeshaji, watu wazima, wameinama, wanapiga pampu na kutukana kwa adabu kwa sababu mchungaji alikuwa mmoja wao. Jafta akapita katikati yao. Tsss, likalia tairi. Povu likachungulia. Kisha *pyu*, zabibu ikaziba, kimya. Tsss, *pyu*. Tsss, *pyu*. Nilihesabu miiba thelathini na saba. Hakushuka hata mara moja.

"Ona yule mzee!" Sarel akasema. "Rozanne kamuuzia nini?"

"Elimu," nikasema.

Matatizo yalianza mteremkoni. Zabibu nyingine zilikuwa zinatokeza nje kidogo, tamu, zina harufu. Kundi la kanga wa porini likatoka vichakani, kama arobaini hivi, likaanza kumfukuza likidonoa tairi la nyuma. Jafta hajui kukimbia, lakini siku ile alijua. Alimpita daktari wa meno kutoka mjini mwenye baiskeli nyepesi kama kikapu. Alimpita Rozanne. Rozanne akapiga kelele, "Anko, matairi yanaendaje?" Akajibiwa kwa vumbi na kanga.

Zilipobaki kilomita tatu, kanga walishiba wakaacha. Ila jua lilikuwa juu ya utosi, na hamira inapenda joto. Jafta akasimama. Tulipomfikia, tairi la nyuma lilikuwa limenenepa kama la trekta, linagusa fremu, haligeuki. Akajaribu kutoa upepo kwenye valvu. Hautoki. Zabibu imekaa humo kama mlinzi.

"Tollie," akasema. "Tairi linakua."

Sarel akashuka, akalitazama, akarudi nyuma hatua sita. "Hilo litapasuka likuchukue na miguu. Panda, Jafta. Kondoo wamekuwekea nafasi."

Na kweli walikuwa wamejisogeza.

Jafta aliwatazama kondoo. Akatazama barabara ya Kareevlei, mnara wa kanisa ulionekana kabisa. "Maharage yameshafika gotini," akasema. "Jana nimeyaona. Yanashika hewa." Akaushika usukani kwa mikono miwili kama mtoto anayenyang'anywa kitu. Sijawahi kumwona hivyo, hata siku treni ya mwisho ilipoondoka.

Nifanye nini? Nikinyamaza, baiskeli imekwenda. Nikisema, Sarel atasikia, na kabla ya jioni kwaya nzima itajua.

"Ni tangawizi," nikasema.

"Nini?"

"Ndani ya tairi. Tangawizi ya Dortjie. Nimechanganya."

Sarel akakaa chini barabarani. Alicheka besi, kondoo wakalia. Jafta hakunitukana. Alinitazama tu, kama anasoma ratiba ya treni isiyoeleweka.

"Tangawizi ikichemka sana," akasema polepole, "Dortjie anaifanyaje?"

"Anaitia kwenye baridi."

Kando ya barabara palikuwa na kinu cha upepo cha kuvutia maji na birika la kunyweshea kondoo, maji yanatoka chini ya ardhi, baridi ya kung'oa meno. Tukaibeba baiskeli sote wawili, tukalitumbukiza gurudumu. Likanguruma. Likatoa mapovu. Kisha, ndugu zangu, lile tairi likapumua kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana, likapungua, likapungua, likaachana na fremu.

"Endesha kabla halijapata joto!" nikampigia kelele, lakini alikuwa ameshaondoka.

Sisi tukafuata. Kilomita ya mwisho tairi lilianza kunenepa tena, nikamwona Jafta anarukaruka kitini kama amepanda ngamia. Kanisani wanawake walikuwa wamepanga meza za chakula, Dortjie katikati na kisu cha keki. Jafta akavuka mstari, miguu yote juu ya kanyagio, akapunga mkono mmoja, na tairi likalipuka.

Lilisikika wilaya ya tatu. Povu lilimwagika juu ya meza, juu ya mchungaji, juu ya saladi ya viazi. Zabibu moja ilimpiga Dortjie shavuni ikaganda. Akaibandua. Akaitazama. Akaitia mdomoni, akatafuna polepole.

"Hii ni yangu," akasema.

Jafta, bado kakalia baiskeli: "Mimi sikujua, mama watoto. Naapa."

"Najua hukujua." Akageuka. "Sarel!"

Sarel alisema yote. Aliongeza hata na mambo ambayo sikuyafanya, kama la kondoo na keki.

Dortjie akaenda kwa mumewe, akamfuta povu puani kwa pindo la aproni. "Umerudi kwa matairi yako, Jafta Maarman. Kesho ukaendeshe, ukasalimie stesheni zako." Kisha akaja nyuma ya pikapu. Mimi nilikuwa bado humo, kati ya kondoo, nimekumbatia baiskeli yangu.

"Mdogo wangu," akasema kwa upole wa kutisha, "niliapaje juu ya Biblia ya mama?"

"Uliapa... baiskeli itakayorudi kwenye pikapu."

"Nilitaja ya nani?"

Sasa ni Januari. Baiskeli yangu imesimama ukutani, na anayeyamwagilia maharage asubuhi na jioni ni mimi, hiyo ni adhabu ya vikombe viwili vya tangawizi. Yameshapanda spoksi zote, yamekalia kiti. Jafta anapita kila siku na tairi jipya la nyuma, dawa imemiminwa na Rozanne mwenyewe, ananipigia kengele. Na Jumanne iliyopita mche mmoja ulifika kwenye usukani wangu, ukaizungushia kengele kidole, na nilisikia kwa masikio yangu ukimjibu. Jafta anasema ulikuwa upepo.

Katika familia hii mwongo ni yeye.