Mkimbiaji wa Tano

Bastola iligoma. Msimamizi aliinyanyua juu, akafumba jicho moja, akavuta, na badala ya mlio tukasikia "tik" kama mtu aliyebonyeza kalamu. Tulikuwa wasichana mia moja na arobaini tumeinama kwenye mstari wa chokaa, na baadhi yetu tulichomoka hivyo hivyo, mimi nikiwa wa kwanza. Nilikata hatua kama arobaini sioni mtu mbele yangu. Nikageuka kuangalia wenzangu nimewaacha umbali gani, nikawakuta wamesimama, wamejishika viuno, wanacheka.

Hiyo ndiyo mara pekee niliyowahi kuongoza mashindano ya kitaifa ya mbio za nyika ya shule za sekondari, na mbio zenyewe zilikuwa hazijaanza.

Nilirudi mstarini kichwa chini. Mdogo wangu alinipisha nafasi pembeni yake bila kunitazama.

"Umepasha misuli vizuri," alisema.

Timu nzima tulimwita Kiberiti, kwa sababu alikuwa mwembamba, na akiguswa kidogo tu anawaka. Nimemtangulia kuzaliwa kwa miezi kumi na minne. Basi. Mengine yote alinitangulia yeye: kutembea, kuogelea, kujibu watu wazima, kung'oa jino. Hata darasa tulikuwa moja, kwa kuwa yeye alirushwa mwaka. Na kukimbia ndiyo usiseme. Akiwa na miaka kumi na sita alikuwa anamaliza mbio za wilaya na kuvaa viatu vyake vya kawaida kabla mimi sijatokeza kwenye kona ya mwisho.

Timu yetu ilifundishwa na mwalimu wa kemia. Mwalimu wa michezo alikuwa amehamishwa, na mkuu wa shule alipouliza kwenye kikao ni nani ana saa inayohesabu sekunde, yeye maskini wa Mungu akanyoosha mkono. Hakuwa amekimbia tangu utotoni. Lakini alikuwa mtu wa kujisomea, na ndani ya muhula mmoja alijaza daftari zima michoro ya mapigo ya moyo yetu. Aliamini kwamba mwili wa mwanadamu ni maabara yenye miguu.

Shida yake ilikuwa idadi. Katika mbio za nyika, kila shule huingiza wakimbiaji watano, na nafasi za wanne wa kwanza hujumlishwa. Wenye jumla ndogo ndio washindi. Yeye alikuwa na wanne. Alikuwa na Kiberiti; alikuwa na Kepteni, msichana mtulivu wa kidato cha juu aliyekimbia kama anayepiga mswaki, bila furaha wala huzuni; na alikuwa na Mapacha, ambao tangu kuzaliwa hawakuwahi kuachana zaidi ya hatua tatu. Mimi nilikuwa nakaa kwenye nyasi nikilinda masweta na chupa za maji, nikisoma riwaya.

"Na yule?" mwalimu aliuliza siku moja.

"Yule ni dada yangu, mwalimu," Kiberiti akajibu. "Ana miguu miwili."

Ndivyo nilivyosajiliwa. Kwa mwaka mzima nilikuwa wa tano kati ya watano, mkimbiaji ambaye nafasi yake haihesabiwi isipokuwa mwenzake akipatwa na balaa. Wenzangu waliniita Taa ya Nyuma, na sikuona ubaya. Kushika mkia kuna raha zake. Hakuna anayekusukuma, unapata nafasi ya kuangalia miti, na ukifika watu wanakupigia makofi kwa huruma ambayo wa kwanza hawaijui.

Asubuhi ya mashindano, mwalimu alitukusanya nyuma ya basi. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, na uwanja wote ulikuwa tope zito, jeusi, lenye kung'aa kama lami mbichi. Alituambia jambo moja tu.

"Asidi huongezwa kwenye maji kidogo kidogo. Ukimwaga yote kwa pupa, inakurukia usoni. Mmenielewa?"

Tulimwelewa. Tulikuwa tumeshazoea.

Bastola ya pili ilitoka vizuri mno. Ililia hadi farasi wa polisi akaruka kando. Tukaondoka kwa kishindo, viwiko vikigongana, tope likituruka mpaka kwenye nyusi. Tulitakiwa kuuzunguka uwanja mara tatu, kilomita mbili kila mzunguko: kupanda kilima kilichokuwa na bendera nyekundu, kushuka upande wa pili, kuvuka mtaro wa maji kwa kuruka, kisha kupita katikati ya miti na kurudi mbele ya jukwaa. Kiberiti alipotea mbele mara moja. Nilimwona tena mara moja tu, kule juu kilimani, nukta ndogo ya jezi ya rangi ya machungwa miongoni mwa nukta kumi. Mimi nikaongeza asidi yangu kidogo kidogo.

Mzunguko wa kwanza ukaisha. Nilikuwa wa mia na kitu. Wa pili ukaanza, wenye haraka wakaanza kulipa haraka yao, na mimi nikawa nawapita mmoja mmoja bila kukusudia, kama mtu anayepita maduka yanayofungwa. Nikapanda kilima, nikashuka, nikafika mtaroni.

Kiberiti alikuwa amekaa chini ukingoni.

Mguu mmoja ulikuwa na kiatu, mwingine una soksi tu. Goti lilikuwa limechubuka, damu imechanganyika na tope. Mhudumu wa huduma ya kwanza, baba mmoja mnene mwenye kizibao cha njano, alikuwa amepiga magoti mbele yake akimzungushia bendeji kwa makini. Kiberiti alikuwa amevuta midomo ndani kama afanyavyo akizuia kilio. Jinsi nilivyomfahamu, kilio chenyewe hakikuwa cha maumivu.

Nikasimama. Sikufikiri. Miguu ilisimama yenyewe, kwa sababu mimi ndiye mkubwa, na tangu nikiwa na miaka mitano nimeambiwa mtazame mdogo wako.

Akaniona. Uso ukambadilika.

"Dada, umesimama nini?"

"Mguu wako..."

"Mguu ni wangu! Wewe ndiye wa nne sasa. Kimbia!"

Mhudumu aliinua kichwa, akatutazama kwa zamu, kama mtu aliyejikuta katikati ya ugomvi wa majirani. Nikabaki nimeduwaa sekunde moja zaidi. Wasichana watatu waliruka mtaro na kunipita.

"Nenda, wewe!" Kiberiti alipiga kelele, akaokota donge la tope akanirushia. Likanipata begani.

Nikaenda.

Sijui nielezeje ule mzunguko wa tatu. Kwa mwaka mzima nilikuwa nakimbia kama mtu anayetembelea mbio za wengine. Ghafla kila kichwa kilichokuwa mbele yangu kilikuwa namba, na namba ile ilikuwa mali yetu. Mapafu yaliwaka. Mapaja yalikuwa mazito kama magunia yaliyolowa. Mbele ya jukwaa nilimwona mwalimu wa kemia amepanda juu ya kiti cha plastiki, daftari mkononi. Alipoona ni mimi natokeza na si mdogo wangu, alipiga hesabu pale pale, kisha akapiga kelele ambayo haikuwa na kemia hata chembe: "Mwanangu, mwaga yote!"

Nikamwaga. Kilimani niliwapita wanane. Kwenye mteremko nilimpita msichana aliyekuwa analia, nikamwambia pole, naye akaniambia asante, tukaendelea. Mtaroni sikumkuta mtu, ila alama ya mtu aliyekuwa amekaa, na mkasi wa mhudumu umeachwa kwenye nyasi. Nikadhani wamembeba.

Tulipotoka kwenye miti na kuingia mita mia tatu za mwisho, mbele yangu kulikuwa na jezi ya kijani. Niliijua. Ilikuwa ya shule ambayo mwalimu alikuwa ameizungushia wino mwekundu katika daftari lake, wale tuliokuwa tukigombania nao medali. Nilikuwa nimeshajisemea kwamba simpati, imetosha, nimejitahidi. Ndipo nikasikia pumzi nyuma yangu.

Ilikuwa pumzi ya mtu aliyekusudia. Fupi, kali, yenye sauti kama msumeno kwenye ubao mkavu, na chini yake mguu mmoja ulikuwa unapiga "tap" na mwingine unapiga "fwap". Ikasogea. Nikaisikia kwenye bega la kushoto, kisha la kulia. Nikasema huyu naye hanipiti, hata iweje. Nikakaza meno na kutimua mbio za mwizi. Jezi ya kijani ikasogea, ikawa pembeni yangu, ikawa haipo. Pumzi haikuniacha. Ilinisukuma hadi kwenye mstari wa mwisho, ikanivusha, na nilipoanguka kifudifudi kwenye tope upande wa pili, ikaniangukia mgongoni.

Nikageuza shingo. Ilikuwa soksi iliyojaa tope, goti lililofungwa nusu, na bendeji ndefu nyeupe iliyokuwa imejikokota nyuma yake mzunguko mzima kama mkia wa tiara.

Tulikaa hapo muda mrefu tukijaribu kupumua. Mhudumu wa huduma ya kwanza alifika akihema kuliko sisi, ameshika kiuno kwa mkono mmoja na kiatu cha Kiberiti kwa mwingine, akilalamika kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kutorokwa na mgonjwa.

"Kwa nini hukuniambia ni wewe?" nilimuuliza mdogo wangu hatimaye.

"Ningekuambia, ungepunguza."

Nikachukua kiatu kwa mhudumu, nikamvisha.

Kepteni alikuwa wa tisa. Mapacha walikuwa wa ishirini na nne na wa ishirini na tano, na wanagombana hadi leo kuhusu nani alikuwa yupi. Mimi nilikuwa wa sitini na moja, Kiberiti wa sitini na mbili, jezi ya kijani wa sitini na tatu. Mwalimu alijumlisha mara nne, kwa kalamu ya wino na kwa penseli, kabla matokeo hayajabandikwa. Tulikuwa wa tatu kitaifa, kwa tofauti ya pointi mbili. Kama yule msichana wa kijani angebaki mbele yangu, wangetuzidi kwa moja. Mwalimu wetu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena, kisha akatukumbatia wote watano kwa pamoja, tope lote likahamia kwenye shati lake jeupe.

Sasa mimi ni mpima macho, na Kiberiti ni daktari wa mifugo mwenye watoto watatu wanaomkimbiza yeye. Nimemuuliza mara moja tu, jikoni kwake, wakati tunaosha vyombo, kama siku ile angeweza kunipita. Alisema hakuweza. Alisema haraka mno, akanikabidhi sahani ambayo nilikuwa nimeshaifuta.

Lakini mchana ule wa mashindano sikuwa na maswali. Tulikuwa tumenawa miguu kwenye bomba nyuma ya jukwaa, medali zimetulia vifuani, na mwalimu akatuazima simu yake tupige nyumbani. Mama alikuwa zamu hospitalini, kwa hiyo tulimpigia baba. Baba alikuwa kinyozi, na Jumamosi saloni yake hujaa watu mpaka barazani. Alipokea kwa mlio wa kwanza. Nyuma ya sauti yake mashine ya kunyolea ilikuwa inanguruma.

"Haya, mwanangu, hamjambo? Nipe mdogo wako."

Hakuwa na nia mbaya. Siku zote habari za mbio zilikuwa kwa Kiberiti, na siku zote nilimpa simu bila kuona chochote. Nikampa.

"Baba, shikamoo. Nimekuwa wa sitini na mbili." Akasikiliza. "Hapana, siumwi. Nilianguka tu." Akasikiliza tena, na nikaona anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Tumepata shaba, baba. Ndiyo, timu. Sasa kama unataka kujua tumeipataje, usiniulize mimi. Mimi sikuhesabiwa. Aliyehesabiwa ni dada."

Akanirudishia simu, akaenda zake kwa Mapacha akichechemea, bendeji mpya ikimbana goti.

Niliiweka sikioni. Kwa muda nilisikia mashine tu. Kisha nikasikia ikizimwa.

"Mwanangu," baba alisema, na sauti yake ilikuwa karibu sana, "hebu nieleze. Usiruke kitu."

Kwa mbali mteja mmoja akalalamika kwamba amenyolewa upande mmoja. Baba akamwambia asubiri.